Hisa na Hisia: Maswali Mnayouliza Kuhusu Soko la Hisa

Mume kanunua, mke hajui. Mke kauza, mume kanuna. Tumeyakusanya maswali yenu kuhusu soko la hisa na kuyajibu moja baada ya jingine, bila lugha ya benki.

Kila tukigusa habari za pesa kwenye kurasa hizi, meseji zinazofuata huwa za aina mbili. Za kwanza ni za lawama: mwenzangu anaficha mshahara, mwenzangu anakopa bila kuniambia, mwenzangu ana kiwanja nimekisikia kwa watu. Za pili ni za kuuliza, na siku hizi nyingi ni za hisa. Zamani tukikaa saluni tulikuwa tunaulizana kijumbe wa mchezo ni nani na zamu ya mwezi huu ni ya nani. Sasa hivi mtu yuko chini ya draya anakuuliza, "Shosti, gawio limeshaingia?"

Mimi nilisomea mawasiliano, uchumi sikuugusa. Kwa hiyo nilipoona maswali yanazidi nilifanya kinachofanywa na mwandishi yeyote: nikasoma nyaraka, nikakaa na madalali wa hisa, nikawauliza yale yale mnayoniuliza ninyi, tena kwa lugha yenu. Nilichorudi nacho ni kwamba mambo ya soko lenyewe yanaeleweka, hata kwa mtu aliyekuwa anakimbia hesabu shuleni. Ugumu uko nyumbani. Watu wananunua hisa kama wanavyoanzisha uhusiano wa pembeni, kimya kimya, halafu mambo yakiharibika ndipo mwenzi anajua.

Twende na maswali.

Kampuni "kuorodheshwa" maana yake nini hasa?

Hisa ni kipande cha umiliki. Kampuni ikiwa na hisa milioni moja na wewe una mia, unamiliki mia katika hiyo milioni. Kampuni nyingi nchini zina hisa, hata ile ya shemeji yako ya kuuza mbao kama ameisajili kama kampuni. Tofauti ni kwamba hisa za shemeji huwezi kuamka Jumatatu ukaziuza kwa mtu usiyemjua. Kuorodheshwa ni pale kampuni inapokubaliwa na soko la hisa kwamba vipande vyake viuzwe na kununuliwa hadharani, kwa bei inayoonekana na kila mtu.

Kwetu Tanzania soko hilo ni Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, lililoanza biashara tarehe 15 Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani na hospitali. Mwaka huo huo ikafuata TBL, na baadaye zikaja za sigara, saruji, benki na simu. Wenzetu wa Nairobi wametutangulia mbali, soko lao lilianza mwaka 1954. Msimamizi wa yote kwetu ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Kampuni ikishaorodheshwa inabanwa. Lazima itoe hesabu zake zilizokaguliwa, itangaze mambo makubwa yanayoweza kugusa bei, na iwaite wanahisa kwenye mkutano mkuu kila mwaka. Kwa hiyo kuorodheshwa kunakupa vitu viwili: unaona kinachoendelea ndani, na una mlango wa kutokea siku ukitaka. Faida haimo kwenye orodha hiyo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanasikia "imeorodheshwa DSE" wanadhani serikali imeidhamini. Hakuna aliyekudhamini.

Nikinunua, hela yangu inakwenda wapi?

Inategemea umenunua lini. Kampuni inapouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, ile ambayo wengi tunaiita IPO, unanunua kwenye soko la awali. Hapo usiishie kusoma tangazo la rangi gazetini, soma waraka wa matarajio uone nani anauza. Mwaka 2016, DSE yenyewe iliuza hisa milioni 15 kwa shilingi 500 ikitafuta shilingi bilioni 7.5 za kujiendesha na kukua. Hela ile ilikuwa inakwenda kwa kampuni. Lakini mwaka 2008, hisa za NMB zilizouzwa kwa shilingi 600 zilikuwa sehemu ya hisa za serikali, asilimia 21 ya benki. Hela ikaenda kwa muuzaji, yaani serikali. Zote ni IPO halali kabisa, ila ni vizuri ujue kama unamwongezea kampuni mtaji au unampokea mtu kipande chake.

Baada ya hapo kila kitu kinafanyika kwenye soko la upili. Ukinunua leo hisa za benki fulani pale DSE, benki yenyewe haipati hata senti. Hela inakwenda kwa mwanahisa mwingine aliyeamua kuuza, labda anajenga, labda anasomesha, labda amekata tamaa. Swali la kujiuliza kabla ya kulipa ni hilo: yeye anatoka, kwa nini mimi naingia?

Nani anapanga bei?

Hakuna mtu anayekaa ofisini na kalamu akaandika bei. Wanaotaka kununua wanataja bei zao kupitia dalali, wanaotaka kuuza wanataja zao, mashine inawakutanisha. Wanunuzi wakiwa wengi bei inapanda, wauzaji wakiwa wengi inashuka. Ni kama soko la Kariakoo, tofauti yake ni kwamba hapa bei ya mwisho inatangazwa kwa wote.

Kwa hiyo bei ya hisa inaonyesha watu wanaiamini kampuni kiasi gani siku hiyo. Kampuni inaweza kuwa nzuri na bei ikawa juu mno, kama vile kitenge kizuri kinavyoweza kuuzwa mara tatu ya thamani yake kwa sababu tu kuna kicheni pati Jumamosi. Madalali wanashauri uangalie mambo matatu: faida ya kampuni kwa kila hisa imekwenda vipi miaka mitano iliyopita, gawio linatoka au linaahidiwa tu, na madeni yanakua kasi gani. Yote yamo kwenye ripoti ya mwaka, na ripoti hizo ni bure.

Nitapata faida lini?

Faida ya hisa ina njia mbili. Moja ni gawio, sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwagawia wenye hisa. Kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, gawio linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijakufikia. Gawio si mshahara. Mkutano mkuu unaweza kuidhinisha kubwa, dogo au hakuna kabisa. Pia kuna tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, na ukinunua baada ya hapo gawio la mwaka huo linakupita. Njia ya pili ni kuuza kwa bei kubwa kuliko uliyonunulia.

Sasa tuangalie yaliyotokea kweli, maana hapa ndipo ndoto nyingi za wapenzi zinapojengwa na kubomoka.

Aliyeweka shilingi 600,000 kwenye hisa za NMB mwaka 2008 alipata hisa 1,000. Mwaka 2024 bei ilivuka shilingi 5,000 kwa hisa, yaani zaidi ya milioni tano, hapo hujahesabu magawio ya miaka yote hiyo. Ni kweli shilingi ya 2008 si ya 2024, lakini bado huyo mtu anatembea kifua mbele.

Angalia na CRDB. Iliingia sokoni mwaka 2009 kwa shilingi 150. Ikapanda, na mwaka 2015 wanahisa wakauziwa hisa nyingine kwa shilingi 350. Halafu ikashuka, hadi kufikia 2019 ikawa inauzwa chini ya ile bei ya mwanzo ya 150. Hebu fikiria umenunua kwa 350 kwa hela ya ada, mwenzako anakuuliza kila wiki "zile hisa zako vipi?" Wengi waliuza pale pale chini. Waliokuwa hawana haraka walisubiri, na ilipofika 2023 bei ilikuwa imevuka 400.

Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa shilingi 850 mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma. Lilikuwa toleo kubwa la shilingi bilioni 476, na watu wengi wa kawaida walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Miaka iliyofuata bei ikateremka chini ya 850. Aliyekuwa ameweka hela ya mahari au ya kupaua nyumba, akalazimika kuuza wakati huo, alitoka na hasara, hata kama simu zilikuwa zinaita kila kona ya nchi.

Majirani nao wana yao. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, na kima cha chini kilikuwa hisa 2,000. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, kwa hiyo kila mtu akapewa sehemu tu ya alichoomba na kurudishiwa chenji. Wapo waliokopa benki ili wanunue, wakijua watauza baada ya wiki na kurudisha mkopo. Siku za kwanza bei ilipanda, halafu kabla mwaka haujaisha ikashuka chini ya zile shilingi 5. Mkopo wa benki haukushuka nayo. Mwaka 2021 hisa ile ile ilivuka shilingi 40, na mwaka 2023 ilikuwa chini ya 20.

Ukiziweka pamoja habari hizi utaona kitu kimoja. Waliofaidi mara nyingi ni waliotumia hela isiyo na kazi nyingine kwa miaka kadhaa. Hela ya kodi ya nyumba, ada ya Januari, harusi ya Septemba au mkopo haina muda wa kusubiri. Hisa inataka uvumilivu, na uvumilivu unahitaji mwenzi anayejua mnangojea nini.

Nikipata shida ya haraka, nauza vipi?

Unampa dalali amri ya kuuza. Anaiweka sokoni, akipatikana mnunuzi biashara inafanyika, na malipo kwa DSE yanakamilika siku tatu za kazi baadaye. Kuna makato ya dalali na ya taasisi za soko, na kwa miamala midogo yetu hii jumla yake huwa ni kama shilingi mbili kwa kila mia. Utayakuta ukinunua na utayakuta ukiuza, kwa hiyo kununua na kuuza kila mwezi ni kumtajirisha dalali.

Neno la muhimu hapo ni "akipatikana mnunuzi". Hisa za kampuni kubwa zinabadilishana mikono karibu kila siku. Kuna nyingine zinaweza kukaa wiki au miezi bila mtu kuzigusa. Kwenye karatasi una milioni tatu, lakini mtoto anaumwa na hakuna anayezitaka. Kabla hujanunua kampuni yoyote, muulize dalali: mwezi uliopita zimeuzwa ngapi? Jibu hilo lina maana kuliko bei.

Mbona kampuni za Nairobi ninaziona kwenye orodha ya Dar?

Kampuni inaweza kuorodheshwa nchi zaidi ya moja. Kenya Airways ilikuja DSE mwaka 2004, East African Breweries mwaka 2005, na KCB mwaka 2008. Lengo ni mwekezaji wa huku amiliki kampuni ya kule bila kuvuka Namanga. Wazo ni zuri, ila hisa hizo kwa upande wa Dar huwa haziuzwi mara nyingi, soko lake halisi liko Nairobi. Rudi kwenye swali la hapo juu kuhusu mnunuzi.

Dalali wangu akianguka, au kampuni ikitolewa sokoni, nimekwisha?

Maswali mawili haya watu wanayachanganya. Tuanze na dalali. Zamani mwanahisa alipewa cheti cha karatasi, akakifungia kabatini na vyeti vya ndoa. Siku hizi hisa zako zimeandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi kuu ya kompyuta, kwenye akaunti ya CDS. Dalali ni mlango tu. Akifunga ofisi, hisa zinabaki zako na unahamia kwa mwingine. Kilicho hatarini ni fedha uliyoiacha mkononi mwake, au amri aliyofanya bila ridhaa yako. Kenya walijifunza kwa uchungu: Machi 2008, wakati nchi nzima inajiandaa kwa Safaricom, kampuni ya udalali ya Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi, na mfuko wa kufidia wawekezaji ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 za Kenya kwa mtu. Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti yako mara kwa mara, na hela ya mauzo iende benki kwako. Usimwachie dalali akutunzie.

Kwa upande wa kampuni, kuna kusimamishwa na kuna kuondolewa. Kusimamishwa ni kama taa nyekundu: wewe bado mwanahisa ila huwezi kuuza. Uchumi, duka kubwa la Kenya, lilisimamishwa sokoni mwaka 2006 na likarudi 2011. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 na ikarejea Januari 2025. Miaka minne na nusu umeshika hisa ambayo huwezi kuigeuza hela. Kuondolewa ni jambo jingine, na wakati mwingine hakuna ubaya wowote: Acacia, ile ya dhahabu iliyoingia DSE mwaka 2011 ikiitwa African Barrick Gold, iliondoka mwaka 2019 baada ya Barrick kununua hisa zilizokuwa kwa watu wengine. Kampuni ikifilisika kabisa, wanahisa ndio wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya wafanyakazi, kodi na wadai. Kitu kimoja cha kukutuliza: hakuna atakayekuja kunadi kochi lako kwa madeni ya kampuni. Unachoweza kupoteza ni ulichoweka, basi.

Nimeambiwa kuna "hisa" zinalipa mara mbili kwa miezi mitatu

Kimbia. Mwaka 2009 serikali ilipoifunga DECI, watu walikuwa wameshapanda "mbegu" wakingoja mavuno. Kulikuwa na wachumba walioweka hela ya harusi, na wanandoa ambao mmoja alipanda na mwenzake hakujua hadi siku ya kilio. Jina la hisa linatumiwa sana na watu wa namna hii kwa sababu linasikika la kisomi.

Pima hivi. Hisa ya kweli iliyoorodheshwa ina bei unayoweza kuiona bila kumuuliza anayekuuzia. Dalali wake ana leseni ya CMSA, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Hakuna anayekuahidi kiasi wala tarehe. Na hutakiwi kuleta watu wawili chini yako ili ulipwe. Ukikosa hata kimoja katika hivyo, rudisha pochi mfukoni. Msichanganye pia na vipande vya UTT. Hivyo ni halali na vina wateja wengi, lakini ni mfuko wa pamoja unaowekezwa na wataalamu kwa niaba yenu, unanunua na kuuza kwa mfuko wenyewe. Kwa asiye na muda wa kusoma ripoti za makampuni, huo nao ni mlango wa kuanzia.

Hisa ziandikwe jina la nani?

Hili ndilo swali lililojaza meza yangu, naomba tukae nalo kidogo.

Kwanza, sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mume au mke kumiliki mali yake mwenyewe. Kitu kikinunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni cha huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kikiandikwa majina mawili, inadhani mnamiliki sawa. Ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kwa hiyo hisa zilizoandikwa jina la baba, zilizonunuliwa wakati mama anapika, analea na kubana matumizi, mama anaweza kuzidai mgawo. Ila lazima kwanza ajue kwamba zipo.

Pili, tofauti kati ya hisa na nyumba. Nyumba ya ndoa hairuhusiwi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hisa hazina ulinzi huo. Soko halimuulizi muuzaji kama ameoa. Mwenye jina kwenye akaunti akitoa amri leo, wiki haijaisha zimeshakuwa hela, na siku hizi anaweza kufanya yote kwenye simu, kitandani, wewe umelala pembeni yake. Sisemi ili muanze kupekuana simu. Nasema ili muelewe kwamba kinga pekee ya hisa ndani ya ndoa ni mazungumzo, na kama mnataka kinga ya karatasi, akaunti ya pamoja.

Akaunti ya CDS inaweza kufunguliwa na watu wawili, na mzazi anaweza kufungua kwa niaba ya mtoto. Mnapofungua ya pamoja muulizeni dalali mambo mawili kabla ya kusaini: nani anaruhusiwa kutoa amri ya kuuza, mmoja au wote, na itakuwaje mmoja wenu akifariki. Majibu yaandikwe.

Lazima kila kitu kiwe cha pamoja? Hapana. Nimezungumza na wanandoa ambao kila mmoja ana akaunti yake na wanaishi kwa amani tele. Mke anapenda benki, mume anapenda saruji, wanataniana gawio likitoka. Siri yao ni kwamba hakuna siri. Mara moja kwa mwaka, taarifa za akaunti zikitoka, wanaziweka mezani. Hiyo inafanana sana na kile ambacho soko linailazimisha kampuni ifanye: fungua vitabu, waonyeshe wenye hisa, jibu maswali yao. Kama kiwanda cha saruji kinaweza kufanya hivyo mbele ya maelfu ya watu wasiojuana, wewe unashindwaje mbele ya mtu mmoja anayekujua mpaka unavyokoroma?

Na kwa wachumba: usimnunulie mpenzi hisa kwa jina lake kwa hela ya mkopo ili kumfurahisha, na usikubali kuweka hela yako kwenye akaunti ya jina lake kwa sababu "si tunaoana". Mkioana mtafungua ya pamoja. Msipooana, kudai hisa zilizo kwa jina la mtu mliyeachana ni kesi utakayoichukia.

Mwenye hisa akifariki, zinakwenda wapi?

Haziendi popote, na hilo ndilo tatizo. Zinabaki kwenye akaunti, gawio linatangazwa, hakuna anayelidai. Anayeweza kuzishughulikia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Yeye ndiye anayepeleka nyaraka kwa dalali, na hisa zinahamishwa kwenda kwa warithi au zinauzwa. Mtu uliyemwandika kwenye fomu kama ndugu wa karibu hawi mrithi kwa sababu hiyo peke yake.

Ila msimamizi hawezi kukusanya mali asiyoijua. Kiwanja kina majirani, gari liko uani, hisa hazionekani. Kenya tatizo hili lilikuwa kubwa hadi likatungiwa sheria mwaka 2011, na mamlaka maalumu ikaundwa ya kushika mali za fedha zisizodaiwa, yakiwemo magawio na hisa za watu waliokufa au waliohama bila familia kujua. Hela ya mjane na watoto imekaa inawasubiri, na wao wanachangisha ada.

Dawa yake ni karatasi moja. Andika namba ya akaunti ya CDS, jina la dalali, kampuni ulizonunua, na akaunti ya benki inayopokea gawio. Weka panapowekwa hati za nyumba. Mwonyeshe mwenzi wako, au dada yako kama bado hujaolewa. Nenosiri la simu usiliandike hapo, halihitajiki, na kuingia kwenye akaunti ya marehemu na kuuza bila idhini ya mahakama ni kosa.

Kabla hujanunua

- Akiba ya dharura ya miezi mitatu iwepo kwanza. Hisa zije baadaye.
- Hela iwe ambayo hamtaihitaji kwa miaka mitatu hadi mitano.
- Hakikisha dalali ana leseni ya CMSA. Fungua akaunti kwa kitambulisho chako mwenyewe, hata kama unatumia simu.
- Soma ripoti ya mwaka ya kampuni. Ukishindwa yote, soma faida, gawio na madeni.
- Uliza hisa zake zinauzwa mara ngapi kwa mwezi.
- Usiweke zote kwenye kampuni moja, hata kama unafanya kazi hapo. Kampuni ikiyumba utapoteza kazi na akiba siku moja.
- Mwambie mwenzako kabla. Kama unaona aibu au hofu kumwambia, acha hisa kwanza, mshughulikie hilo.

Maswali mengine yaliyobaki ni ya hatifungani, na nayo ni mengi, tutayafungulia ukurasa wake. Kwa sasa, leo jioni mkishakula, muulizane swali moja tu: katika nyumba hii, nani ana nini, na kimeandikwa wapi? Msipogombana, mko tayari kununua. Mkigombana, bora mmegombana kabla hela haijatoka.